Kikombe Kilichovuka Mchanga

Mwaka aliozaliwa Nyanjige, nzige walitua Mwagindu wakala mtama, wakala majani ya viazi, wakamalizia na nyasi za mapaa. Wasukuma hawampi mtoto jina ovyo. Jina hubeba habari ya siku zake. Basi binti akaitwa jina la nzige, na mama yake alipenda kuwaambia wageni kwamba wadudu wote wa mwaka ule waliondoka, ila huyu mmoja akabaki, naye ndiye mlaji kuliko wenzake.

Hajang'oa hata jino moja la utoto, ndui ikamkuta. Ilimlaza karibu na kufa, kisha ikamwacha. Macho yalipona, sauti ikapona, na kile kicheko chake cha kuanzia tumboni kikapona. Uso ndio uliobaki na mashimo, kama vumbi la uani baada ya matone ya kwanza ya vuli. Mwenyewe hakuyajua mashimo hayo mpaka alipoyaona machoni mwa watu.

Hakuna aliyemchukia. Lakini wasichana walipokwenda kuchota maji kisimani, kata ilipita kwa wote kwanza, halafu yeye akanywa wa mwisho. Nyumbani bibi yake alimtengea kibuyu chake, chenye kamba nyekundu ili kisichanganywe na vingine. Watu walijua kwamba aliyepona ndui hana ndui tena. Walijua hivyo kichwani, ila mkono ulisita wenyewe. Nyanjige akazoea. Alisubiri zamu yake ya mwisho huku akisimulia vituko, na mara nyingi kata ilimfikia ikiwa tupu kwa sababu wenzake walikuwa wamemwaga maji kwa kucheka.

Wenzake wakaolewa mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe wa mahari waliingia kaya hii na ile, wakaipita kaya ya baba yake. Baba yake, mzee mpole aliyeitwa Luhaga, hakulalamika. Alisema ng'ombe aliyevunjika pembe hutoa maziwa kama wengine, mwenye akili atamwona.

Kanisani Nyanjige alikwenda kwa ajili ya nyimbo, hilo halikuwa siri. Kanisa la Mwagindu lilikuwa jengo la udongo lililoezekwa kwa nyasi, na mabenchi yake yalikuwa magogo. Mchungaji Joakim, aliyekuwa na makanisa mengi ya kuzungukia kwa baiskeli, alifika mara moja baada ya miezi kadhaa, na ujio wake ndio uliokuwa siku ya Meza ya Bwana. Nyanjige akaingia darasa la ubatizo la mwinjilisti wa pale kijijini, akafaulu, akabatizwa Dorkasi. Jina hilo alilitumia Mchungaji peke yake.

Siku aliyoshiriki mara ya kwanza ndiyo siku iliyomfunga na kanisa lile. Kikombe kilikuwa kimoja, cha bati jeupe, chenye mikono miwili, nacho kilipita kwenye magogo kutoka mdomo hadi mdomo. Kushoto kwake alikaa mke wa mzee wa kanisa, mama mnene mwenye haraka ambaye wote walimwita Mama Kulwa. Mama Kulwa akanywa, akampa. Nyanjige akanywa. Kisha akageuka kulia kumpa jirani yake, akingoja aone ukingo ukifutwa kwa ncha ya kanga, au kikombe kikigeuzwa upande. Jirani hakufuta wala hakugeuza. Alikunywa palepale alipokunywa yeye, akapitisha mbele. Katikati ya ukimya ule mtakatifu Nyanjige akacheka kwa sauti. Mume wa Mama Kulwa, Mzee Mhoja, alimwangalia kwa jicho kali, maana kikombe kile kilikuwa chini ya ulinzi wake na hakupenda kiwe karibu na mzaha. Haukuwa mzaha. Nyanjige hakujua namna nyingine ya kutoa shukrani iliyompanda ghafla kiasi kile.

Tangu hapo alijitolea kutengeneza kinywaji cha Meza. Zabibu kavu zilitoka kwenye duka la Mhindi kule Maswa. Yeye akazitwanga, akazichemsha, akachuja kwa kitambaa safi, na kanisa zima likajua kwa harufu kwamba Mchungaji yuko njiani.

Ndui ilirudi Mwagindu katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa kiangazi, pamba ikiwa imeuzwa na watu wakiwa na nafasi ya kutembeleana. Ilianzia kwa Shija, kijana mchuuzi wa ng'ombe, aliyerudi kutoka minada ya upande wa Kimali akiwa na homa na maumivu ya kiuno. Watu walidhani ni malaria. Vipele vilipotokea usoni na viganjani, wazee hawakuhitaji kuambiwa jina lake.

Mwanangwa, mkuu wa kijiji, alipeleka habari Maswa, na bwana afya akaja na sanduku lake la chanjo. Aliwapanga watu nje ya baraza, akawakwaruza mikono mmoja mmoja. Wengine walikuja kwa hiari na wengine walitafutwa vichakani. Halafu akatoa amri. Ngoma zisimame, na pombe, na mnada. Mtu asinywe na mwenzake kwa kata moja, wanaume wasile sahani moja penye moto wa jioni, na kanisani watu wasibanane ndani. Wagonjwa wahamishiwe vibandani ng'ambo ya mto, wakae huko mpaka gamba la mwisho litakapodondoka.

Mto wa Mwagindu wakati wa kiangazi ni njia pana ya mchanga. Kuvuka ni rahisi. Jambo gumu lilikuwa nani avuke akakae na wagonjwa. Bwana afya akauliza kama yupo mtu aliyewahi kuugua ndui akapona, maana huyo haitamshika mara ya pili. Vichwa viligeuka vyote upande mmoja. Nyanjige akasimama. Alisimulia baadaye kwamba maisha yake yote uso ule ulimchelewesha, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza ulimtanguliza.

Akafunga jembe, chungu cha kupikia, kibuyu cha samli na nguo zake, akavuka mchanga huku akiimba.

Kazi haikuwa ya kuimbia. Aliwanywesha uji wa mtama kwa kijiko cha mti, aliwapaka samli vidonda vilipokauka na kuvuta ngozi, akawafunga watoto viganja ili wasijikune. Mzee mmoja alifariki katika siku za mwanzo. Nyanjige alichimba kaburi mwenyewe, na Shija, aliyekuwa ameanza kupata nguvu, akamsaidia kufukia. Shija hakuwa Mkristo. Baba yake alikuwa mfumu, mganga wa kupiga ramli anayejulikana mpaka Mkula, na kijana mwenyewe alijulikana zaidi kwa sauti: kwenye kilimo cha pamoja yeye ndiye aliyeongoza nyimbo, na majembe yakapanda na kushuka kwa kumfuata. Pale kaburini alimwuliza Nyanjige kama hajui wimbo wa kumuaga marehemu. Nyanjige akaimba, naye akaitikia asiyoyajua.

Mama Kulwa aliletwa baada ya hapo. Chanjo ilimkuta ugonjwa ukiwa umeshaingia, lakini ulimshika kwa wepesi, na baada ya siku chache za homa alikuwa na nguvu za kutosha kulalamikia upishi.

Kila asubuhi Mzee Mhoja alifika kwenye ukingo wa upande wa kijiji, akasimama na fimbo yake, akapaza sauti ya salamu ya Kisukuma.

"Mwangaluka!"

"Mwangaluka, baba!" Nyanjige akajibu kutoka ng'ambo.

"Mhola?"

"Mhola. Amelala, amekula, anasema uji wangu ni wa kulishia ndama."

Mzee Mhoja akatikisa kichwa, na waliomwona wakati huo wanasema alitabasamu, ingawa mwenyewe alikataa. Chakula kiliwekwa juu ya jiwe lililo katikati ya mchanga. Walioleta walirudi nyuma kwanza, ndipo Nyanjige akaja kuchukua.

Jumapili zile kanisa lilifungwa, na kila familia iliabudu uani kwake. Kaya za Mwagindu zimetawanyika, kila moja ndani ya ua wa minyaa, lakini sauti haizuiliki na minyaa. Kaya moja ikianza wimbo, jirani aliusikia akauchukua kwa kuchelewa kidogo, na wa mbali akauchukua kwa kuchelewa zaidi, hata ubeti wa mwisho wa huku ukakutana hewani na ubeti wa kwanza wa kule. Nyanjige na wagonjwa wake walikaa mlangoni mwa vibanda wakisikiliza mparaganyo huo. Mama Kulwa aliapa kwamba aliitambua sauti ya mumewe, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa imeacha wimbo na kufuata njia yake.

Ndipo Mchungaji Joakim akafika kwa Meza ya Bwana. Alikuwa amechanjwa, na kovu lake aliwaonyesha watu kabla hajasalimia. Mwanangwa alimruhusu kukusanya watu nje, kwenye ukingo wa mto, ilimradi kila kaya ikae peke yake, na kati ya kaya na kaya pawe na nafasi ya urefu wa kamba ya kufungia ng'ombe. Hilo lilikuwa jepesi. Lililobaki lilikuwa kikombe.

Wazee wa kanisa walikutana na Mchungaji siku ya Jumamosi, palepale ukingoni, wakikaa mbalimbali kiasi kwamba mashauri yao ya siri yalisikika mpaka ng'ambo. Mchungaji alisema kikombe kimoja hakiwezi kupita midomoni wakati huu. Alishauri kila mtu aje na kikombe au kibuyu kutoka nyumbani, na mzee amimine kutoka kwenye birika bila kugusa ukingo. Wengine waliona afadhali kungoja tu, Meza ifanywe maradhi yakiisha.

Mzee Mhoja alikataa yote mawili. Alisimama, akaegemea fimbo yake.

"Mchungaji, mimi nilikulia mahali ambapo kila ukoo ulinywa peke yake na kumwogopa jirani. Kikombe hiki ndicho kilichonitoa huko. Leo kila mtu na kibuyu chake. Kesho itakuwa kila mtu na Mungu wake."

"Nimekusikia," Mchungaji akamwambia. "Lakini tulipewa chakula, Mzee Mhoja, hatukupewa njia ya kupitishia maradhi. Nikikibeba kikombe hicho kutoka kwa mama mmoja hadi mtoto wa mwingine, na mtoto akafa, nitasema nini kwa mama yake?"

Hapo mazungumzo yalikwama. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na hakuna aliyetaka kumshinda mwenzake. Ndipo sauti ikaja kutoka ng'ambo ya mchanga.

"Mchungaji! Naomba neno."

Mchungaji alisita, kwa kuwa wanawake hawakuwa na desturi ya kuomba neno katika kikao cha wazee. Akakumbuka kwamba huyu hakuwa kikaoni, alikuwa ng'ambo ya mto. Akamruhusu.

"Nyinyi huko mnaogopa kuambukizana, na mna haki," Nyanjige akasema. "Sisi huku tunaambukizana nini? Wote ndui tunayo au tulikuwa nayo. Kama kikombe kimoja kinatafuta mahali pa kunywewa bila hofu, kileteni kwetu."

Wazee walitazamana. Halafu mmoja wao akaanza kucheka, akafuatiwa na mwingine, mpaka Mchungaji mwenyewe akavua miwani akafuta machozi. Ilikuwa kweli tupu, na hakuna aliyeifikiria. Katika Mwagindu nzima ya siku zile, watu pekee walioweza kunywa kikombe kimoja bila kudhuriana walikuwa wale waliotengwa.

Mzee Mhoja ndiye ambaye hakucheka. Aliuliza nani atakishika. Mchungaji asingeweza kuvuka, maana alikuwa na makanisa mengine ya kwenda. Mzee yeyote ambaye angevuka asingerudi nyumbani kabla ya ugonjwa kwisha. Kwa hiyo angekishika Nyanjige, mwanamke, tena asiye na mume, jambo ambalo halijapata kuonekana. Na kikombe chenyewe kikishavuka hakingerudi upesi. Bwana afya angeweza hata kuamuru kizikwe pamoja na vyungu vya wagonjwa. Alisema hayo yote kwa utaratibu, na hakuna aliyempinga, kwa sababu yote yalikuwa kweli.

Mchungaji hakumjibu kwa hoja. Alimwuliza tu kama mama wa watoto wake yuko upande gani wa mto.

Mzee Mhoja akakaa chini. Kisha akainuka, akaenda nyumbani, na watu wakadhani ameondoka kwa hasira. Aliporudi alikuwa na kikombe mkononi, kimefungwa kitambaa chake cheupe. Hakumkabidhi mtu. Alishuka ukingo mwenyewe, akatembea juu ya mchanga mpaka kwenye jiwe, akakiweka, akakifungua kitambaa, akakikunja, akakilaza chini yake ili kisikwaruzwe. Alipoinua kichwa alimwona Mama Kulwa amesimama mlangoni mwa kibanda, uso umejaa magamba, mwili umepungua. Hawakuwa wameonana tangu alipohamishwa.

"Umekonda," Mzee Mhoja alimwambia.

"Si nilikuambia uji ni wa ndama?"

Akarudi kwa mwendo wa polepole, akapita katikati ya wazee. Kikao kikafungwa kwa maombi.

Jumapili ile ukingo wa mto ulijaa watu ambao hawakuwa wameketi pamoja tangu pamba iuzwe. Kila kaya ilikaa kwenye mkeka wake na vyombo vyake: vibuyu vidogo, vikombe vya bati, bakuli, na bibi mmoja alileta kata kubwa ya kuchotea pombe, akasema ndiyo pekee aliyo nayo na Mungu anaijua ilikotoka. Watoto waliofungiwa nyumbani kwa majuma walitaka kukimbiliana, mama zao wakawavuta kwa nguo. Salamu zilirushwa kutoka mkeka hadi mkeka, mwangaluka hapa, mhola pale, hata Mchungaji akalazimika kuanza wimbo ili wanyamaze.

Alihubiri kwa ufupi, akisimama chini ukingoni ili asikike pande zote mbili. Sauti yake haikuwa kubwa. Kila sentensi aliyosema, Nyanjige aliirudia kwa sauti yake ya kuitia ng'ombe ili waliolala vibandani waipate, na mara mbili tatu aliirudia kwa maneno yake mwenyewe, yakawa mafupi na yenye kueleweka zaidi. Watu wa upande wa kijiji walianza kungoja tafsiri.

Chapati zisizo na chachu zilikuwa zimewekwa juu ya jiwe tangu mapema, pamoja na chupa ya maji ya zabibu, ambayo safari hii aliyachemsha mke wa mwinjilisti.

"Dorkasi," Mchungaji akaita, "mimi nabariki hapa, wewe gawa huko."

Akabariki, mikono imeelekezwa pande zote mbili. Upande wa kijiji wazee walipita na birika, wakimimina kutoka juu, na kila mtu akangoja na chake mkononi. Ng'ambo Nyanjige alimega chapati, kisha akakiinua kikombe kwa mikono yake miwili. Alianza kwa Mama Kulwa. Akampa mama aliyekuwa na mtoto kifuani. Akampa mzee asiyeweza kukaa, akamwinua kichwa. Midomo ilikuwa na magamba, mingine ilikuwa na ufa, na kikombe kikaipitia yote bila kufutwa. Wa mwisho alikuwa yeye. Upande wa kijiji walimwona akinywa, nao wakanywa wakati huohuo, kila mmoja na kibuyu chake.

Shija aliketi pembeni, mgongo kwenye nguzo ya kibanda. Hakupewa, kwa kuwa hakuwa amebatizwa, naye hakuomba. Alitazama tu. Lakini ulipoanzishwa wimbo wa kumalizia, upande wa kijiji ukiimba kwa nguvu zote, na wagonjwa wakijaribu kuitikia kwa sauti zilizokatika njiani, hakuvumilia. Wimbo uliotupwa bila kudakwa ulimwuma kama jembe lililolazwa juani linavyomwuma mkulima. Alichukua jembe la Nyanjige, akaokota jiwe, akaligonga bapa la chuma kwa mapigo ya kilimo, akaudaka wimbo.

Maneno hakuyajua. Alichukua neno la mwisho la kila mstari, akalirefusha, akalipindisha, akalirudisha ng'ambo likiwa limevikwa shanga. Wagonjwa wakamfuata, kwa kuwa kumfuata Shija kulikuwa ndani ya miguu yao tangu mashambani. Upande wa kijiji ukajibu. Beti zikaisha wakazirudia. Wanawake wakaanza vigelegele. Mabibi wakasimama kwenye mikeka yao, wakatikisa mabega bila kuvuka mpaka wa kamba. Kanisani Mwagindu ngoma ilikatazwa, na kila mtu alijua. Macho yakamwendea Mchungaji. Yeye aliangalia ng'ambo, akasikiliza, halafu akasema kwamba anavyofahamu, jembe si ngoma. Akaendelea kuimba.

Baada ya hapo ndui ikachoka. Walipatikana wagonjwa wachache wapya, na chanjo ikawazuia wengine. Magamba yakadondoka. Siku bwana afya aliporidhika, wagonjwa walinyolewa nywele, wakaoga kwenye visima vya mchangani, wakavaa nguo zilizoletwa kutoka nyumbani, na vibanda vikachomwa moto nyuma yao. Walivuka mchanga wakiwa wamepauka vichwa kama vibuyu vipya, na kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Mzee Mhoja alimpokea mkewe mzigo wake mdogo, akatangulia njia, na Mama Kulwa akamfuata huku akimweleza mambo yote tangu mwanzo.

Kikombe hakikuzikwa. Bwana afya alisema kichemshwe tu, naye Mzee Mhoja akakichemsha siku nzima hata mkewe akamwuliza kama anatafuta mchuzi. Hata hivyo kwa muda mrefu zaidi watu waliendelea kuja na vibuyu vyao, na hapo likazuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Wanawake walianza kuvipamba. Mmoja alizungushia shanga, wa pili akachora kwa kisu cha moto, wa tatu akaagiza chake kutoka kwa jamaa zake wa Lamadi, wavuvi, kikaja kimesukwa kwa uzi wa nyavu. Ikafika Jumapili Mchungaji Joakim akalazimika kuhubiri juu ya majivuno ya vibuyu. Alipotangaza kwamba Meza ijayo itarudi kwenye kikombe kimoja, Mzee Mhoja alisema amina kabla sentensi haijaisha.

Shija naye alianza kuonekana kwenye darasa la ubatizo. Alikuwa mwanafunzi msumbufu. Alimwuliza mwinjilisti maswali yasiyo na mwisho, akabishana juu ya wake wengi wa wafalme wa zamani, akafeli mtihani wa kwanza kwa sababu alitaka kuziimba amri badala ya kuzisema. Mashimo ya uso wake yalikuwa mapya, yana wekundu bado. Alipokwenda kwa Mzee Luhaga kumwomba binti yake, mzee alimkaribisha kigoda, akamwita Nyanjige, akamwachia ajibu mwenyewe.

"Mayu Nyanjige," Shija akasema, akimwita kwa heshima kama mama, "ng'ombe ninazo, baba yako ameziona. Na uso nimekwenda kuutafuta mpaka Kimali ili tufanane. Kimebaki nini?"

"Kimebaki mtihani wako," Nyanjige akamwambia. "Mimi nataka mume wa kukaa naye benchi moja siku ya Meza. Ukiuimba tena, usirudi hapa."

Aliusema. Mwinjilisti alisimulia kwamba katika maisha yake hajaona mtu akiteseka kiasi kile kwa kusema maneno bila kuyapa tuni.

Ndoa ilifungwa mvua za kwanza zilipokuwa zimelainisha ardhi. Baba yake Shija, yule mfumu, alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga uwanja wa kanisa. Alishika kiapo chake, akakaa nje ya ua chini ya mwavuli mweusi, na nyama akapelekewa huko. Mchungaji Joakim alipomaliza kula alichukua kigoda chake akaenda kukaa naye kwa heshima. Wote wawili walikuwa wafugaji kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Bwana arusi alipotoka kuwaaga, akiwa amemshika mkono mkewe kwa safari ya kusalimia jamaa zake Mkula, aliwakuta wameinamiana chini ya mwavuli, wakibishana juu ya ng'ombe mmoja mweusi wa mahari, kama ana mimba au ameshiba tu. Nyanjige alikwenda akampapasa ng'ombe yule tumbo, akawaambia ana mimba, akapanda nyuma ya baiskeli ya mumewe, wakaondoka.